Fremu Mia Mbili na Kumi na Sita Zilizopotea Lizaboni

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetuma udhuru. Mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye taarifa zinasema bado yuko Peramiho anamalizia chakula cha mchana. Waheshimiwa wa Kamati Ndogo ya Picha Mjongeo na Hamasa, ambayo Mwenyekiti ni mimi, Kaimu Katibu ni mimi, na mjumbe ni Mzee Hironimus. Viongozi wa dini zote. Wakulima wa tumbaku mliotoka Lusewa mkidhani huu ni mkutano wa mbolea (kicheko). Mabibi na mabwana: kama kuna mtu sijamtaja, ajitaje kimoyomoyo, nimeshamtambua. (Makofi.)

Ndugu wananchi, kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu basi fahamuni sasa, Kamati yangu, katika kutekeleza roadmap ya digital transformation kwa kuwashirikisha stakeholders wa ngazi zote, ilianzisha Kituo Jumuishi cha Uhariri wa Video, ambacho utekelezaji wake umefikia asilimia tisini na nane, na kazi yake ya kwanza ilikuwa filamu ya saa mbili kuhusu maendeleo yetu hapa Lizaboni, ambamo mimi naonekana kwa saa moja na dakika hamsini, zilizobaki ni mahindi. (Kicheko.) Mhariri wa filamu hiyo ni binti yetu Severina, yule pale, amekaa na mama yake, Mama Kunegunda. Miezi miwili iliyopita nilimsimamisha kazi kwa wizi. Leo nimesimama hapa kwa ajili ya jambo hilo.

Ilikuwaje? Nilikwenda kufanya physical verification. Kwenye video kuna kitu kinaitwa timecode, yaani zile namba za saa, dakika, sekunde na fremu zinazokimbia kwenye kioo, na fremu ni picha moja moja, thelathini kwa sekunde, zikihesabiwa kuanzia sifuri. Nikavaa miwani, nikazikodolea macho. Dakika ya kwanza ilipotimia, hesabu ikatoka fremu ya ishirini na tisa ikaangukia fremu ya mbili. Sifuri hakuna, moja hakuna! Nikapiga hesabu: mia na nane kila saa, kwa saa mbili mia mbili na kumi na sita. Nami kama mtu mwenye sura, nikajiuliza hizo zilizochukuliwa ni picha za nani kama si zangu. Severina akasema, "Baba, hiyo ni drop-frame, zilizorukwa ni namba tu." Nikamjibu, drop ni kudondosha, na kudondosha ni kudondosha, kilichodondoka kiko wapi? Nikampiga marufuku kwa barua asikanyage Kituoni, na jina lake nikalibandika kwenye ubao wa matangazo. Tangu siku hiyo wenye harusi mbili waliotaka awapige video wamemkimbia, wakiogopa asije akamwiba bibi harusi. (Kicheko. Mama Kunegunda hacheki.)

Una haki ya kutocheka, mama.

Aliyenifumbua macho ni Aloyce, fundi anayepaka namba za nyumba mtaani kwetu. Wiki iliyopita alitoka hamsini na tisa akaandika sitini na mbili, nikamfokea kwamba amebomoa nyumba za watu. Akaniambia, "Mheshimiwa, nyumba zote zipo, watu wamo ndani wanapika." Nikakaa chini. Kumbe kamera ile haifikishi thelathini kamili, inapungua kidogo, hivyo bila kuruka namba hesabu ingebaki nyuma ya saa ya ukutani sekunde tatu na ushee kila saa. Ndiyo maana zinarukwa namba mbili kila dakika, isipokuwa kila dakika ya kumi. Picha hazijaguswa. Sura zangu zimehakikiwa, zipo zote, na kusema kweli zimezidi. (Kicheko kirefu.) Tena huku kwetu tunatumia fremu ishirini na tano kamili kwa sekunde, wala hakuna cha kuruka, mfumo wa Wamarekani niliubonyeza mimi mwenyewe kwenye kamera kwa sababu namba yake ilikuwa kubwa zaidi.

Natamka rasmi: Severina hakuiba. Mwizi hakuwepo, aliyekuwepo ni mjinga, na mjinga mwenyewe ndiye ameshika kipaza sauti. (Makofi yasiyo na kifani.) Nimeona haya, ndugu zangu, na nimemkosea mtoto wa watu. Jina lake nimelibandua leo asubuhi, na kuanzia sasa anarudi Kituoni!

(Mzee Hironimus: "Arudi Kituo kipi, Mwenyekiti?")

Swali zuri, litajibiwa kwenye shukrani. Namba! (Siyo picha!) Cheo! (Siyo akili!) Mmeitikia hilo la pili haraka mno.

Kwa kumalizia, namshukuru Severina kwa kompyuta yake, namshukuru Mama Kunegunda kwa umeme wake, na nawashukuru wote wawili kwa uvumilivu, maana Kituo Jumuishi hakijawahi kuwa na hata tofali moja: ni chumba cha kulala cha Severina, na binti huyu, kwa kutii barua yangu, ana miezi miwili analala jikoni. Asanteni sana kwa kunisikiliza.