Embe la Zamani

Jumatatu, 3 Februari 2025. Mukuyuni.

Mgongo! Nimebeba kreti za embe tangu alfajiri. Sasa kuna kitu kinauma pale mgongo ulipokuwa.

Leo yameanza mafunzo ya ubunifu katika ukumbi wa kanisa, ubavuni mwa ghala letu. Wenye biashara ndogo za vyakula wamekalia viti. Sisi vibarua tuko nje, ukuta wa mabati katikati. Mwalimu ni Bi Muthoki kutoka Wote. Sikumwona, nilimsikia tu. Alisema embe likiuzwa hivi hivi ni hasara. Liongezeni dhamani! Akina mama wakaitikia: dhamani!

Baadaye Mama Nzisa, mwenye ghala, akatoka akatuita mimi na Kilonzo. Ijumaa anakuja mnunuzi wa embe kavu. Kila mmoja wetu atengeneze zake kwa wazo lake. Yule ambaye zake zitampendeza mnunuzi ndiye atakuwa msimamizi wa kikaushio.

Kikaushio! Kibanda cha nailoni, trei za embe, na kiti. Kazi yenyewe ni kukaa na kugeuza vipande. Kukaa! Nilisimama na kreti kichwani, nikajiona nimekaa, miguu imenyooka kama ya tajiri, upepo unapita, harufu tamu inanizunguka, na mimi nazidi kuwa mwepesi. Kilonzo akauliza kama jua limeniingia.

Jumanne, 4 Februari.

Nimempigia mke wangu Shufaa, kwetu Msambweni. Nimemwambia kiti nimeshapewa. Akauliza kama kina mto. Nikasema kina.

Kisha nikafikiri. Dhamani ni nini? Hakuna neno kama hilo. Shule niliachia darasa la sita, lakini Kiswahili nimezaliwa nacho. Wenzetu wa huku huchanganya dh na z. Dhambi wanasema zambi. Basi ni wazi: mwalimu alisema zamani. Embe liongezwe zamani!

Ajabu ya wazo! Watu wamechoka na vitu vipya. Mtu anataka kutafuna kipande kidogo, afumbe macho, amwone bibi yake.

Kilonzo anakata vipande vyembamba na kuvichovya katika maji ya ndimu. Masikini. Kamaliza kidato cha nne na hajui kusikiliza. Sikumwambia kitu.

Jumatano, 5 Februari.

Nimetundika vipande vyangu juu ya jiko la kuni. Moshi umeviingia vizuri. Halafu nikavipaka majivu, kama watu wanavyohifadhi mbegu za kunde. Vimekuwa vyeusi, vimejikunja, vina heshima. Ukivitazama unadhani vilikuwepo kabla ya reli. Nimevifunga kwa jani kavu la mgomba na kamba ya katani.

Nikalala kando yake saa ya mapumziko. Nikaota niko kwenye kiti, na kiti kinaelea taratibu juu ya mashamba yote ya Makueni. Watu wananipungia mkono. Nikaamshwa na lori. Kreti!

Alhamisi, 6 Februari.

Mama Nzisa ameuliza nani anachoma takataka. Kilonzo akamjibu kwamba ni huyu Mswahili, anapika makaa. Nikawaambia wasubiri kesho.

Nimejaribu kumwonjesha mbuzi kipande kimoja. Alinusa, akanitazama sana, akaenda zake. Mbuzi wa siku hizi hawana kumbukumbu.

Ijumaa, 7 Februari.

Mnunuzi ni Bi Bushra, mwenye duka katika mji wa Salama. Alionja embe za Kilonzo, akasema tamu. Akaja kwangu. Akafungua jani, akauma, akaacha kutafuna. Akauliza kwa adabu, hiki ni cha lini.

Nikajibu kwa sauti ya ukumbi mzima: cha zamani, mama! Zamani kabisa!

Alitema kwenye leso. Akamuuliza Mama Nzisa kama huwa anawauzia watu vitu vilivyooza. Akachukua mkoba wake. Mama Nzisa akamshika mkono, mwaitu tafadhali, mama yangu usiende. Kuona mtu mzima akibembeleza hivyo kwa ajili yangu, nilitamani ardhi inimeze.

Bi Muthoki, mwalimu, naye alikuwa amekuja kutazama; akaniuliza nani aliniambia habari za zamani. Nikasema wewe. Hapo ndipo Bi Bushra alipocheka, na alipocheka akaketi tena. Alisema, thamani, kaka yangu, thamani! Th safi, kama ya thelathini. Wazazi wake walitoka Lamu wakahamia Mwingi. Nikaisikia ikipita kama gari nililoachwa nalo.

Amenunua embe zote za Kilonzo. Kilonzo alicheka hadi akakalia kreti niliyokuwa nataka kuibeba. Akaniita Babu Zamani. Mama Nzisa kasema Faki wa Mombasa, kuanzia kesho utabeba kreti zako na za Kilonzo. Msambweni si Mombasa, lakini haikuwa siku ya kusahihisha watu.

Jumamosi, 8 Februari.

Shufaa ameomba picha yangu nikiwa kitini. Kilonzo hataki kuinuka.

Jumatatu, 10 Februari.

Mafunzo yameendelea. Nimepitia yaliyonipata na nimejifunza kosa langu. Niliharakisha. Safari hii nimejiuliza mara mbili.

Bi Muthoki kasema, nikimsikia vizuri kabisa kupitia mabati, kwamba embe kavu nyingi sokoni hazina ladha. Mpeni mteja ladha! Akina mama wakaitikia: ladha!

Dh na z, tena. Nikajiuliza: amesema laza? Nikajibu: laza. Nikajiuliza tena. Laza.

Bila shaka! Embe linachumwa, linarushwa, linakatwa, linaanikwa, siku nzima halijapumzika. Nani atakuwa mtamu akiwa amechoka hivyo? Mimi najua.

Nimepanga kreti moja nzima ya embe kivulini nyuma ya ghala. Nimeifunika kwa blanketi langu. Mama Nzisa anaita, lori limefika. Simjibu, sauti itaziamsha. Nimejilaza kando yake niziimbie kidogo, mpaka zisinzie.