Mayai Sitini Maonyeshoni

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Keroka.

Kesho naingia Kisii. Maonyesho ya biashara, siku nne nzima! Mashine yangu ya kuangua vifaranga imepakwa rangi, balbu zote zinawaka. Ndani kuna mayai sitini. Niliyaweka tarehe 16 Julai, kwa makusudi. Siku ishirini na moja zinatimia Jumatano, wageni rasmi wakiwa wanazunguka mabanda. Ganda linapasuka, kifaranga anachungulia, wakubwa wanashika vifua. Hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili.

Loice, mke wangu, ameuliza kama mayai nayo yamepewa ratiba. Kisha akasema jambo lingine, kwa upole, na hilo ndilo linaniuma. Miaka mitatu natengeneza mashine, nimeuza mbili, zote kwa binamu zangu. Nikirudi bila oda hata moja, niende kwa kaka yake Andrew, kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, nikapime misumari. Nimekubali. Misumari! Mimi, Manasseh!

Jumanne, 5 Agosti. Kisii.

Nimefika kwa pikapu, mashine imefunikwa blanketi la Loice. Njiani, saa mbili nzima bila stima, balbu zote zimezima. Mayai yana uvumilivu, nadhani.

Banda langu liko nyuma kabisa, kati ya tangi la maji na Pam, mama kutoka Homa Bay anayeuza vikaushio vinavyotumia jua. Ili watu waone vinavyofanya kazi, anakausha omena, wale dagaa wa ziwani. Omena wa kweli. Upepo wote unakuja kwangu.

Mbele, karibu na lango, yuko Josiah. Naye anauza mashine za kuangua, ila zake zimetoka ng'ambo. Ana zulia, ana peremende za bure. Watu wakishamaliza kwake, huku hawafiki.

Jioni nimegeuza kibao cha mshale pale njia panda kielekee kwangu. Giza lilikuwa limeanza, maandishi sikuyaona vizuri. Lakini kazi safi. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 6 Agosti.

Mshale ulikuwa wa choo.

Tangu asubuhi nimepokea watu wengi sana, wote wana haraka. Hakuna aliyetaka mashine.

Wageni rasmi walifika saa tano. Nikahutubu. Nikaonyesha mayai. Kimya. Nikahutubu tena, polepole, kuyapa nafasi. Kimya. Mgeni mmoja akaniuliza, kwa heshima zote, kama yamechemshwa. Wakaendelea na safari.

Mchana nimeweka sikio kwenye kila yai. Yote sitini. Pam alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akasema hewa ya mle ndani ni kavu mno, niweke bakuli la maji. Nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi. Akasema haya jirani, akaniletea chai.

Alhamisi, 7 Agosti.

Mpango mpya. Asubuhi na mapema nimenunua vifaranga kumi sokoni nikawachanganya na mayai. Kufika saa nne, umati! Watu wanapiga picha! Nilijua nimefika.

Ndipo akaja mama mmoja, Bathsheba, mfugaji wa kutoka Itumbe. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Tata," akasema, kama mama zetu wanavyomwita kijana kwa upendo, "hawa wametoka kwa mayai lini?"

Nikasema leo asubuhi.

"Na manyoya ya mabawa yameota saa ngapi?"

Watu walicheka mpaka Pam akaacha omena wake. Kisha wakatawanyika.

Yeye hakuondoka. Hilo sikulitegemea. Alivuta kreti akakaa, akauliza stima ikipotea mashine yangu hufanya nini. Nikasema stima haipotei sana. Akaniambia kwao hupotea karibu kila jioni. Mwezi wa pili alipoteza mayai arobaini kwenye mashine aliyokuwa nayo. Alipopasua moja akakuta kifaranga amekamilika, hata kucha anazo, amekufa kwa baridi. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza tu. Nikaitazama mashine yangu. Miaka mitatu, na sijawahi kumwuliza mfugaji hata mmoja anataka nini. Nilichowahi kuuliza watu ni rangi.

Akasema labda droo hapa chini, ya kuweka chupa za maji moto. Tuliichora pamoja nyuma ya karatasi ya ratiba. Ilituchukua asubuhi yote iliyobaki.

Jioni Josiah akaja, tai ameitia mfukoni. Nilidhani amekuja kunicheka. Akaomba kukaa. Mwaka wake wa kwanza, alisema, alikuwa hapa hapa penye tangi, na hakuuza kitu. Lakini aliondoka na malalamiko ya watu kumi na wanane, na hayo ndiyo yaliyompeleka mbele. Dukani, alisema, anayeingia anataka kununua atoke. Hapa mtu ana siku nzima, atakwambia ukweli ukimpa kiti. Nilimsikiliza. Kwa dakika kama kumi sikumchukia.

Ijumaa, 8 Agosti.

Saa kumi na mbili asubuhi. Mlio! Yai limetoboka! Kisha lingine. Kufika saa tatu vifaranga kumi na mmoja, kati ya mayai sitini, wamelowa, wanatetemeka, hawana sura nzuri hata kidogo. Mashahidi: Pam, na mama anayefagia. Nililia. Naandika kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma. Pam akakiri kwamba jana aliingiza bakuli la maji bila kuniomba. Wale kumi wa sokoni nimempa mama anayefagia.

Saa nane Bathsheba amerudi na wanawake watatu wa kikundi chake. Anataka mashine moja, yenye droo. Ikimfaa, wenzake watafuata. Oda! Waliokuwa wakipita walisimama kumsikiliza, nao wakaanza maswali. Pam ameandika majina na namba zao za simu kwenye katoni, watu ishirini na watatu, kwa sababu mimi nilikuwa nikihutubu.

Jumapili, 10 Agosti. Keroka.

Loice amefurahi, wala hakuficha. Andrew ameambiwa atafute mtu mwingine. Tangu tutoke kanisani Loice anawapigia simu watu wa katoni, mmoja mmoja, anauliza kuku wao ni wangapi, stima ikoje, anaandika. Sijui subira hiyo anaitoa wapi.

Mimi nimekaa peke yangu nikatafakari kwa kina kilichotupa ushindi. Jibu liko wazi: hotuba zangu. Dosari ilikuwa moja tu, kupotezewa wakati. Mama mmoja alinikalisha karibu asubuhi nzima, Josiah naye jioni nzima. Kwa muda huo ningehutubia watu mia mbili!

Novemba kuna maonyesho Nyamira. Nimeshaandika kibao kikubwa cha kusimamisha mbele ya banda, rangi bado haijakauka: TAZAMA TU. MASWALI HAPANA.