Pweza Alivyonifikisha mbele ya Wakwe

Leo nimeaibika, jamaa zangu wa barazani, na hata sasa ninapoandika sijajua hasa ni aibu ya aina gani. Nimejaribu kuipanga kama ninavyopanga vipande vya saa mezani, vikubwa upande huu, vidogo upande ule. Haipangiki. Basi nitaieleza ilivyotokea, tangu mwanzo, nanyi mtanisaidia.

Kwa wageni waliojiunga juzi: mimi ndiye Dira. Ni fundi saa, mtu wa makamo, nakaa Kisauni. Kila jioni nikifunga kibanda hupita kwenye chumba cha kompyuta pale Ziwa la Ng'ombe, chenye mashine mbili na feni moja, nikasoma barua zenu humu barazani. Mmoja wetu huleta habari ya ajabu, ya sayansi au ya historia, na wengine tukaifanyia mzaha. Hatujuani kwa sura wala kwa majina, na huo ndio utamu wake. Tumecheka kuhusu kompyuta za dunia nzima zitakazopotewa na akili mwaka elfu mbili ukiingia (saa zangu za kutia ufunguo hazina wasiwasi). Na siku hizi tumeshughulika na pweza, kwa sababu nilisoma kwamba pweza ana mioyo mitatu, nikawauliza: ya nini yote hiyo?

Mtakumbuka jibu la Mzee Kobe. "Mmoja wa kupenda, mmoja wa kusamehe, na wa tatu ni wa akiba."

Huyo Mzee Kobe ndiye niliyemzoea kuliko nyote. Nilimkadiria kuwa mzee aliyestaafu, labda wa Lamu, labda anaishi Maskati kwa wanawe. Nikamwita babu, akaniita mjukuu. Babu na mjukuu kwetu wana ruhusa ya kutaniana, nasi tuliitumia ruhusa hiyo yote. Nilipoleta ile habari kwamba vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Unguja na havikumaliza saa moja, niliongeza kwamba virefu kuliko vyote vinaendelea Kiembeni, nyumbani kwa mama mkwe wangu, na silaha yake ni kimya. Mzee Kobe akauliza: "Na wewe mjukuu, silaha yako ni ipi?" Nikajibu: "Kuaga mapema." Akataka kujua zaidi. Nikamweleza zaidi. (Nikiyakumbuka sasa natokwa na jasho, na feni inazunguka.) Mwisho wa mazungumzo yetu aliandika neno lile lile kila siku: "Nenda nyumbani, mjukuu, wali unapoa." Nilidhani ni sehemu ya mzaha.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mke wangu, Mwanasha, aliona nachelewa kila jioni. Jumatatu, nikiwa kwenye wali (uliokuwa umepoa), nilikumbuka ule moyo wa akiba, nikacheka peke yangu.

"Wacheka nini?" akauliza.

"Pweza."

"Pweza gani?"

"Kuna pweza tunayemzungumzia, mimi na wenzangu."

"Wenzako kina nani?"

"Siwajui."

Nilidhani nimejibu kwa ukamilifu. Mwanasha alisukuma sahani yake, akainuka. Asubuhi alikunja nguo zake akaenda kwao Kiembeni, na kabla ya kuondoka alimwambia jirani kwamba nimepata mwanamke, na mwanamke huyo nimempa jina la Pweza.

Ijumaa nikapata mwito kutoka kwa mjomba wake, Mzee Salimu, ndugu mdogo wa mama mkwe. Ni mtu wa msikitini, mtaratibu, na sijawahi kuyaona meno yake. Mwito ulisema nifike Jumapili baada ya adhuhuri nijieleze. Akiridhika, nitarudi na mke wangu. Asiporidhika, tutakwenda kwa kadhi. Jumapili yenyewe ni leo.

Nilijitayarisha. Nilinyoa. Nilichora hata picha ya nguzo za simu kuonyesha jinsi maneno yanavyosafiri kutoka Ziwa la Ng'ombe hadi kwa watu nisiowajua. Niliamini kwamba jambo likielezwa kwa mpangilio, mtu mwenye akili hulielewa.

Nilipiga hodi, nikapokewa na mama mkwe mwenyewe, Bi Zuhura. Ni mkunga mstaafu, mjane, na nusu ya Kiembeni wamezaliwa mikononi mwake. Tangu nimwoe binti yake nimemwamkia, nimemshukuru kwa chakula, nimemuaga. Sikumbuki jambo la nne. Mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, wacha kutaniana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ule kwanza. Kesi haianzi na njaa."

Tuliketi: Mjomba, mimi, Mwanasha akiwa amenipa ubavu, na Bi Zuhura akipakua. Akafunua bakuli. Pweza wa nazi.

Mwanasha akalitazama bakuli, akanitazama mimi, kana kwamba nimemleta huyo mwanamke mpaka mezani. Nami sikujua niangalie wapi. Ndipo Bi Zuhura akaniwekea kipande kikubwa, akasema kwa sauti yake ile ya chini:

"Kula, mwanangu. Mnyama huyu ana mioyo mitatu. Mmoja wa kupenda, mmoja wa kusamehe, na wa tatu ni wa akiba."

Nikalirudisha tonge sahanini.

Nikajiambia, tulia, fikiri. Kwamba pweza ana mioyo mitatu ni habari iliyo vitabuni, mtu yeyote aweza kuijua. Lakini moyo wa akiba haumo katika kitabu chochote. Hayo ni maneno ya Mzee Kobe. Je, Mwanasha amezisoma barua? Hajawahi kukanyaga chumba cha kompyuta. Basi lazima Mzee Kobe anamjua Bi Zuhura. Huenda humtembelea. Huenda yule babu yangu wa Maskati hayuko Maskati, yuko hapa hapa, na anamposa mama mkwe wangu kwa mizaha yangu.

Nilichungulia mlangoni kuona kama kuna viatu vya mwanamume. Vilikuwepo. Vya Mjomba.

Nikamtazama Mjomba upya. Mzee, mstaafu, mwenye maneno machache. Mungu anisamehe, nikaamua kumpima.

"Mjomba," nikasema, "wewe waonaje kuhusu kobe?"

Mjomba akaacha kutafuna. "Kobe?"

"Kobe, kwa jumla."

"Kobe kafanyaje?"

"Hajafanya kitu. Nauliza tu."

Mjomba akamgeukia Mwanasha. "Ameanza lini hivi?"

"Tangu Jumatatu alikuwa pweza," Mwanasha akajibu. "Kobe ni mpya."

Bi Zuhura hakuinua kichwa. Alikuwa anakamua ndimu. "Muache Mjomba ale, mjukuu," akasema. "Wali unapoa."

Hakusema mwanangu safari hii. Mjomba hakutambua, Mwanasha hakutambua. Mimi nilitambua kwa mwili mzima. Kila neno nililowahi kumwandikia Mzee Kobe lilinirudia: kile kimya, ile silaha, ile siku nilipoeleza kisayansi kwamba chai ya mama mkwe haipoi kwa sababu hakuna anayethubutu kuipuliza. Yote hayo nilikuwa nimemwandikia mwenyewe. Na alinijibu. Na alinitaka niendelee.

Sahani ziliondolewa. Mjomba akanawa, akajipangusa ndevu, akafungua kesi.

"Mwanangu, hapa hapana maneno mengi. Mke wako asema una mwanamke. Wewe wasema waenda kuzungumza na watu usiowajua, kwenye mashine. Mimi mashine siijui. Ila kiapo nakijua. Sema wallahi, katika hao unaozungumza nao kila jioni hamna mwanamke, nami nitamwambia Mwanasha avae buibui lake mwende."

Lilikuwa jambo jepesi. Asubuhi ya leo ningeapa kwa sauti kubwa. Sasa sikuweza, kwa sababu alikuwemo, na alikuwa ameketi karibu na birika. Nikiapa, naapa uongo mbele ya Mungu na mbele yake yeye. Nikimtaja, namvunjia heshima mama mkwe mbele ya ndugu yake. Nikinyamaza, nimekosa mke.

"Apa basi," Mjomba akasema.

"Yuko mmoja," nikasema.

Mwanasha akajishika kichwa. "Mwasikia? Kwa mdomo wake mwenyewe."

"Ni nani?" Mjomba akauliza.

"Siwezi kumtaja."

"Akaa mbali?"

"Si mbali sana."

"Ana mume?"

"Alifariki."

"Mjane," Mjomba akasema, akitikisa kichwa polepole. "Ni msichana?"

"La, Mjomba. Ni mtu mzima."

"Mzima kiasi gani?"

"Mzima sana."

"Sana?" akauliza Bi Zuhura. Ndiyo mara ya kwanza alipoinua uso.

"Si sana," nikasema.

"Na mwazungumza nini, wewe na huyo mjane?" Mjomba akaendelea.

Nilitafuta jibu jingine la kweli, sikulipata. "Pweza," nikasema. "Na vita vya Unguja."

Nikatoa ile picha ya nguzo za simu, nikaifungua mbele yao nikiamini bado kwamba yaweza kusaidia. Mjomba aliitazama kama mtu anayetazama kipele kwenye shingo ya mtu mwingine. Mwanasha alikuwa analia. Hapo niliona kabisa, kwa mpangilio, kwamba nimempoteza mke wangu kwa sababu ya mnyama wa baharini.

"Salimu," Bi Zuhura akasema, "kunywa maji."

"Sina kiu."

"Kunywa. Mjane huyo ni mimi."

Mjomba akanywa maji.

Bi Zuhura akaeleza kwa utulivu, kama anayemweleza mzazi kwamba wamekuja pacha. Yeye huenda Bamburi kwenye kompyuta kumwandikia binti yake mkubwa, Rukia, aliye Maskati. Rukia ndiye aliyemwingiza barazani kwetu apunguze upweke. Jina la Mzee Kobe alilichagua mwenyewe, asisumbuliwe na wanaume.

"Na ukawa wataniana na mkweo?" Mjomba akauliza.

"Mwanzo sikumjua. Kisha akataja Kiembeni, na kimya. Nikamjua."

"Ukamjua, na hukuacha?"

Bi Zuhura akafikiri. "Alikuwa ananichekesha, Salimu."

Ni sifa ya kwanza niliyopata kwake tangu nioe, na sikuwa katika hali ya kuifurahia.

Mwanasha alikuwa ameacha kulia. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akanirudia mimi. "Kwa hivyo," akasema, "mume wangu aniacha peke yangu kila jioni, aende kumsengenya mama yangu, kwa mama yangu mwenyewe."

"Ndiyo," nikasema, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Nawe mama, wajua ni mume wangu, ukamuweka hapo mpaka giza?"

"Kila siku nilimwambia aende nyumbani, wali unapoa. Hasikii. Na leo nimempa ule moyo wa akiba mezani asije akaapa uongo, badala ya kuelewa akaanza kumuuliza Mjomba mambo ya kobe."

Hapo Mwanasha akacheka. Hakutaka. Alijifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakamsaliti. Mama yake naye akaangalia pembeni, kifua kikimtikisika. Mimi nilikaa katikati yao na picha yangu ya nguzo za simu, sijui kama ni wakati wa kucheka au wa kuomba radhi. Nikaomba radhi. Wakacheka zaidi.

Mjomba alisubiri nyumba itulie. Akasema katika maisha yake amesuluhisha mume na mke, ndugu na ndugu, hata jirani na mbuzi wa jirani, lakini jambo hili hajui aliweke fungu gani. Akaamua: Mwanasha arudi kwake leo. Mimi nifike nyumbani kabla ya magharibi, nikitaka mashine nije na mke wangu. Na mkwe na mkwe wasitaniane tena.

"Kwa mdomo au kwa kompyuta?" akauliza Bi Zuhura.

Mjomba akajimiminia maji tena, akanywa.

"Kwa mdomo," akasema.

Basi ndivyo nilivyofika hapa. Mwanasha ameketi kando yangu, anasoma kila mstari, na amenifutisha mawili matatu yaliyomhusu. Kabla sijaanza kuandika nimekuta barua mpya ya Mzee Kobe inanisubiri. Sijaifungua. Sijui niifungue kama mjukuu au kama mkwe. Kama mkwe sharti niinamishe macho, na nikiinamisha macho sitaweza kusoma. Mwanasha asema niache ujinga, nifungue.

Nitafungua. Ila nawaomba, jamaa zangu, asicheke mtu. Mmoja wenu anacheka tangu adhuhuri, na huyo anatosha.