Baraza la Mawaziri la Mkasi na Gundi

Jumatatu, 19 Septemba 1864

Mvua. Baba hajafunua kamera. Imefunikwa kitambaa cheusi tangu mwezi wa sita, ilipokuja barua kwamba kaka yangu Asahel ameuawa Virginia. Wateja wakigonga, Baba huwaambia mwanga hautoshi. Jana jua liliwaka mpaka paka akahamia kivulini. Mwanga hautoshi!

Nina mpango. Kila sebule ya mji huu ina albamu: Rais ukurasa wa kwanza, mawaziri wakifuata, kila mmoja na kadi yake ya picha. Sijaona mwenye picha yao wote wamekaa meza moja. Nitaitengeneza mimi, kwa mkasi na gundi. Picha ya kuunga huonyesha viungo, mpaka ipigwe upya kwa kamera. Hapo Baba atalazimika kufunua. Sioni mpango huu unaweza kuharibikia wapi.

Jumanne, 20 Septemba

Vichwa. Cha Rais ninacho. Vya mawaziri ninavyo vinne. Vitatu viko kwa Drusilla Peck wa darasani kwetu, ambaye albamu yake ina bizimu ya shaba na hutuonyesha kila mapumziko. Nikamwomba aniazime kadi zake. Akauliza za nini. Nikasema nataka kuwatazama waheshimiwa kwa karibu, jambo ambalo si uongo. Akasema sawa, ila nimwandikie insha yake juu ya Unyenyekevu. Nimeiandika. Nzuri kuliko yangu.

Jumatano, 21 Septemba

Miili. Kwenye droo ya studio zimo picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Nyingi ni za Bwana Stauffer, fundi cherehani, ambaye alipojiona alisema huyo si yeye, huyo ni mjomba wake mgonjwa, akaondoka. Basi mawaziri watatu wamepata mwili wa Bwana Stauffer. Waziri wa Jeshi la Majini amevaa koti la zimamoto. Ndevu zake zimefunika vifungo, Mungu ni mwema. Waziri wa Fedha amepewa mtengeneza majeneza. Wanaendana.

Gundi ni ya unga. Nimeiacha ikauke dirishani.

Alhamisi, 22 Septemba

Panya amekula sikio la Mwanasheria Mkuu! Nimemwotesha nywele kwa wino.

Tatizo kubwa ni Rais. Kila mwili ninaompa, anaonekana amekaa ndani ya shimo. Miguu mirefu kama ya Rais namjua mtu mmoja tu aliyekuwa nayo, Asahel. Picha yake ni moja, kabla hajavaa sare, mikono juu ya magoti. Kioo ilichochapwa kutoka kwacho kilivunjika, haiwezi kutolewa nyingine. Baba ameifungia ndani ya meza yake na haitazami.

Kama haitazami, hatajua haipo. Ufunguo najua anapouficha.

Nimekata taratibu sana. Kichwa cha Asahel nimekiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi. Nimemwomba radhi. Ana uso wa mtu anayezuia kicheko. Siku ya kupigwa picha alisema kile chuma cha kushikia shingo isitikisike kinamtekenya.

Ijumaa, 23 Septemba

Niliipeleka shuleni. Kidogo tu, ionekane. Drusilla akainama juu yake. Akauliza kwa sauti kama hawa mawaziri wamezaliwa tumbo moja, mbona magoti ni yaleyale. Kisha akapiga ukelele: “Ee! Huyu si waziri wangu wa Posta? Thirza, umemkata shingo waziri wangu!” Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu Hostetter hakucheka. Alisema mwaka huu wanaume waliokatwakatwa wametosha. Kila benchi lina msichana mwenye kaka vitani.

Jumamosi, 24 Septemba

Nimempa Baba. Alikuwa jikoni, uji wa mahindi umepoa mbele yake. Nikamweleza kwamba ikipigwa upya itapendeza. Nikangoja aseme neno juu ya Rais. Hakutazama uso. Alitazama mikono. Akaweka kidole chake juu ya kidole gumba cha Asahel, penye kovu la msumeno.

“Kichwa kiko wapi, mwanangu?”

Afadhali angenipiga. Nikaleta Biblia.

Alimloweka Rais katika maji ya uvuguvugu mpaka akabanduka. Akamrudishia Asahel kichwa chake. Kisha akafunua kamera! Akaburuta meza hadi chini ya dirisha la paa. Mawingu tele, lakini hakusema kitu kuhusu mwanga. Akapiga. Akapiga tena. Shingoni mstari unaonekana. Nikauliza kama anaweza kuufuta. Akasema uachwe.

Kisha akafunika kamera, akaenda kulala na viatu.

Jumapili, 25 Septemba

Kanisani peke yangu. Niliporudi, Bwana Yoder alikuwa mlangoni na mwanawe aliyeandikishwa jeshini. Kijana anaondoka kesho, wanataka picha moja tu. Jua kali. Baba alisema mwanga hautoshi.

Jumatatu, 26 Septemba

Gazeti linasema Waziri wa Posta amejiuzulu. Drusilla alinisubiri langoni ili niyasikie kwake kwanza. “Pole, mwaya. Baraza lako limeoza kabla gundi haijakauka.” Nikamrudishia kichwa chake cha waziri katika bahasha. Akasema hana haja nacho, mtu mwenyewe si waziri tena.

Lakini nimetafakari kutwa, kama tunavyofundishwa, na kosa langu nimelijua. Nilidhani Baba atafunua kamera kwa ajili ya Rais. Sivyo. Alifunua kwa sababu aliyekatwa ni mtu anayempenda.

Sebuleni ukutani iko picha ya marehemu Bibi, mama yake Baba. Ni moja tu. Alikuwa mwanamke mpana, amekaa imara, mikono imekunjwa kifuani. Mwili ule utamfaa sana Waziri wa Vita.

Mkasi nimeshaunoa.