Gari Hili ni Jekundu

Jumapili, 3 Novemba

Ushindi! Mke wangu amekubali nipande mlima Doi Hom na klabu ya magari Jumamosi ijayo. Kwa masharti, lakini. Bunsi hajawahi kutoa ruhusa isiyo na mkia. Alikuwa anageuza soseji kwenye jiko la mkaa, hata hakunitazama usoni. Akasema niende, nirudi salama, ila gari likirudi nyumbani linavutwa kwa kamba kama safari ya kwanza, na ya pili, basi anampa kaka yake Kaeo akabebee kabichi. Nikamweleza kwamba safari ya pili halikuvutwa, lilisukumwa. Akasema hilo nalo amelihesabu.

Kaeo! Shemeji yangu, mkulima wa kabichi, mwanachama wa klabu hiyohiyo, mwenye pikapu nyekundu na winchi ya kweli, mashine ya kukokota magari yaliyokwama, inayovuta kweli. Analitamani gari langu tangu siku nilipolinunua. Kila akija kula kwetu hulipapasa ubavuni kama mtu anayepima nguruwe sokoni.

Hatalipata. Gari langu ni kuukuu, linavuja mafuta, mlango mmoja hufunguliwa kwa teke. Nalipenda. Nikikaa kwenye usukani wake mimi si mume wa mama soseji tena. Mimi ni Bunthan wa milimani.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimegundua kwa nini safari zote mbili ziliharibika. Si uendeshaji wangu, kama Kaeo anavyotangaza mjini. Ni rangi!

Nimekwenda kwa mpiga ramli wa nyuma ya soko. Kaniuliza nilizaliwa siku gani. Jumapili. Gari rangi gani? Bluu. Mama wa watu kaweka chini kikombe chake cha chai. Mtu wa Jumapili, ambaye bahati yake ni nyekundu na mkosi wake ni bluu, kwenye gari la bluu! Nilijua, kila mtu anajua, ila siku ya kununua bei ilinilewesha.

Kupaka rangi upya haiwezekani, maana mkoba anaushika Bunsi. Nimefanya wanavyofanya wote: nimenunua stika. Nusu ya magari ya mji huu yana stika hizo nyuma. Jeupe linajiita jeusi, jeusi linajiita la kijani. Mikosi inakuja, inasoma, inaamini, inaondoka zake. Yangu inasema: GARI HILI NI JEKUNDU. Mpiga ramli akaongeza kwamba nikiwa mlimani nisiitaje rangi ya zamani hata kwa kunong'ona. Mlima unasikia.

Kaeo kapita jioni, akaisoma stika polepole kwa kidole. Akasema, "Shemeji, wamebakiwa na ya watu? Nikubandikie mgongoni, MTU HUYU NI DEREVA?"

Nikaingia ndani. Mtu mwenye gari jekundu hajibizani na wauza kabichi.

Jumatano, 6 Novemba

Kuna mto njiani. Klabu inataka kila gari liwe na bomba la kupumulia linalopanda hadi juu ya paa, ili injini isinywe maji. Madukani yanauzwa kama dhahabu. Mimi nimetengeneza mwenyewe, kwa bomba la plastiki lililobaki jirani alipojenga choo. Nimelipaka rangi nyeusi. Halijawahi kutumika. Nina hakika karibu yote.

Kisha nikamkumbuka Bibi wa Gari. Kila gari lina Bibi wake, roho inayokaa humo na kulilinda, na wangu sijamlisha tangu mwaka jana. Nikamwekea juu ya boneti wali wa kunata, mayai ya kuchemsha na soda nyekundu, mrija ndani. Nikanunua na shada nono la yasmini. Shada la heshima huwekwa mahali pa juu. Mahali pa juu kabisa pa gari langu sasa ni mdomo wa bomba.

Nikapiga magoti, nikaomba, nikawasha gari.

Lilimeza shada lote! Likakohoa. Likatoa moshi wa yasmini mtaa mzima. Jirani akachungulia kuuliza nani kafariki. Alasiri yote nimechokonoa maua kwenye chujio la hewa kwa vijiti vya kulia vya Bunsi. Kaniuliza mbona tambi zake zinanukia yasmini. Nimemwambia ni viungo vipya.

Alhamisi, 7 Novemba

Winchi! Nimeipata kwa muuza vyuma chakavu. Tuseme ukweli, nimepata kasha la winchi. Ndani hakuna mota wala waya, lakini ndoano ipo, na ndoano ndiyo inayoonekana. Nimeifunga mbele kwa boliti, nikaisugua mpaka ikang'aa. Kaeo kapita, kaiona, akanyamaza! Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake.

Ijumaa, 8 Novemba

Ukaguzi. Tumepanga magari mbele ya duka la tairi la Mama Lamduan, mkuu wa klabu, mwanamke ambaye sauti yake peke yake ingejaza tairi upepo. Akafika kwangu. Akagonga bomba kwa kucha, akaguna. Akasoma stika, akaitikia kwa kichwa, maana yeye ni wa Jumanne na anajua mambo haya. Kisha akataka winchi ivute.

Nikamwambia saa si njema. Ikivutishwa kabla ya safari inachoka bahati.

Mama Lamduan anavaa hirizi shingoni, hawezi kucheka jambo la saa njema. Hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya kasha, akatoa kiota cha panya, akaniwekea kiganjani.

Hukumu: mimi nakaa mkiani, nimebeba mablanketi ya wazee wa kijiji cha kileleni, kwa kuwa baridi imekaribia. Akasema, "Bunthan, mwanangu, kazi yako ni moja. Fuata taa za aliye mbele yako. Usifikiri."

Na gari la mbele, la kuongoza wote? Kaeo! Nitapanda Doi Hom nikinusa kabichi.

Hata kidogo. Kuna njia ya zamani ya mashamba inayokata upande wa magharibi. Nitawaacha wazunguke. Wakifika kileleni watanikuta nimeketi, miguu juu ya kasha la winchi, nakunywa kahawa. Nitamwambia Kaeo pole kwa kuchelewa.

Jumamosi, 9 Novemba

Mchana. Naandika nikiwa kwenye mkeka kando ya njia. Pametulia sana hapa. Ndege wanaimba. Mto tulivuka vizuri, bomba halikuingiza hata tone! Kwenye njia panda taa za aliye mbele zikapinda kulia, mimi nikapinda kushoto. Mvua ya juzi imelainisha udongo kidogo.

Gari limezama hadi kwenye milango.

Nimejaribu kila kitu. Nimeweka chini ya tairi matawi, kapeti za miguuni, na koti la klabu. Limevimeza vyote. Nikayatazama mablanketi. Nikafikiria wazee wanaotetemeka. Nikayaacha. Andiko hili lishuhudie kwamba niliyaacha.

Redio ya mawasiliano haimpati Mama Lamduan, mlima umeziba. Amenijibu mtu mmoja wa kijijini huko juu. Kaniuliza niko wapi. Nikasema njia ya magharibi. Gari rangi gani, maana ukungu unashuka? Nikakaribia kusema! Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza, nikasema jekundu, jekundu kabisa. Akasema atamtuma mtu.

Mpango ni rahisi. Mtu anakuja, ananitoa, nampa soseji za Bunsi anyamaze, nafika juu kwa magurudumu yangu mwenyewe. Hakuna aliyeona, hakuna kamba ya kufika nyumbani.

Baadaye kidogo. Ukungu mzito. Nimehamia nyuma ya kichaka, nachemsha tambi. Mtu wa mlimani akipumzika anapendeza kuliko mtu wa mlimani aliyekwama.

Baadaye tena. Furaha ya maisha yangu!  Imepita trekta ya shamba, mzee kavaa kofia ya sufu, tela tupu nyuma. Kasimama, kaniuliza, "Kijana, hujaona gari jekundu limekwama huku?"

Jekundu! Limekwama! Shemeji Kaeo, kiongozi wa msafara, na winchi yake ya kweli, kazama matopeni! Nilitaka kumkumbatia mzee. Akatupa jicho kwenye gari langu, lililoonekana paa tu kwenye majani na ukungu, akauliza kama mimi niko salama. Nikamwambia mimi napumzika. Nikamwelekeza juu, mbele kabisa, wanakokwenda wajuaji. Nikamsihi akifika awatangazie watu wote kwa sauti kubwa kwamba mwenye gari jekundu kakwama na anahitaji msaada. Wote, mzee wangu, usiache hata mmoja. Akaahidi. Mzee mwema sana.

Nimekula tambi kwa raha ambayo sijawahi kuiona. Maskini Kaeo. Nitamsamehe, lakini taratibu. Labda nimpe stika.

Ila nashangaa mtu wangu hajafika. Yule wa redio alisema wazi kabisa kwamba anamtuma mtu, huku njia ya magharibi, atafute gari

Ngoja.

Jumapili, 10 Novemba

Niko nyumbani. Naandika haraka kabla Bunsi hajatoka kuoga.

Mzee alitimiza ahadi. Alifika kileleni, akazima trekta, akasimama juu ya tela, akatangaza kwamba mwenye gari jekundu kakwama na anahitaji msaada. Kaeo alikuwa ameegemea pikapu yake nyekundu, kavu, safi, anakula wali wa kunata. Watu wote wakamgeukia. Kaeo akatazama miguu yake, akatazama tairi zake, akamwuliza mzee nani kamwambia. Mzee akasema jamaa mmoja anayepika tambi karibu na gari la bluu lililozama. Wanasema Mama Lamduan ilibidi ashikwe mabega kwa kucheka.

Kaeo alishuka mwenyewe. Akafunga kamba kwanza. Kisha akasema, "Shemeji, nimekuja kukuomba msaada. Nasikia nimekwama."

Injini ya gari langu ilikuwa imekunywa matope, haikuwaka tena. Likapandishwa kileleni kwa kamba. Bibi kizee mmoja akapokea blanketi, akalipeleka shavuni, akauliza nani kayabeba yote haya bila doa. Kaeo akanielekeza mimi. Kasema, "Huyo shemeji yangu. Gari lilizama, mablanketi hakuyagusa." Bibi akanishika mikono yote miwili. Nilitaka kulia, kweli. Halafu nikajiuliza Kaeo anatafuta nini.

Leo kuteremka, tena kwa kamba, Kaeo mbele. Njia yote nilikuwa naona uso wa Bunsi. Hapo ndipo nilipopata wazo. Nyumba yetu iko chini ya kilima! Juu ya kilima nikapiga honi, nikamwambia Kaeo naishukuru familia yake, hapa panatosha, afungue kamba. Kaeo akakitazama kilima. Akauliza kama nina breki. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akafungua fundo la katikati ya kamba.

Gari likashuka lenyewe, kimya, zuri, upepo usoni, mimi nimeweka kiwiko dirishani. Sharti lilisema kamba. Kamba haipo! Nikaingia uani kama mfalme, nikakanyaga breki. Matope yalikuwa yamefika na huko.

Nimevunja mtungi wa maji, kamba ya nguo na meza ya soseji. Gari lilisimama kwenye jiko. Bunsi alikuwa hatua moja pembeni, koleo mkononi. Alinitazama kwanza mimi, kama mifupa ipo, na nikaona midomo yake inatetemeka. Ilipokwisha kutetemeka akauliza mbona injini haikusikika. Nikasema nimeibembeleza, imekuwa tulivu.

Wakati huohuo Kaeo akaingia getini kwa mguu, kamba begani. Kaniuliza kwa adabu kama kipande nilichosahau ndoanoni ni chake, kwani yeye amebaki na nusu tu.

Nikageuka. Mbele ya gari, kwenye ndoano ya winchi yangu, ilikuwa inaning'inia kamba.

Jumatano, 13 Novemba

Limekwenda. Kaeo kalitengeneza mwenyewe, kalichukua asubuhi. Nilijificha chumbani nisilione likitoka, nikachungulia, nikaliona. Limejaa kabichi hadi kwenye paa, linapanda kilima bila kikohozi hata kimoja. Moyo umeniuma sana. Kaeo kasema naweza kuja kuliendesha siku za mavuno. Mtego, bila shaka.

Nimekaa nikatafakari makosa yangu kwa uaminifu wote. Nimeyaona. Stika ilikuwa ndogo. Tena iko nyuma tu! Mzee yule alikuja kwa mbele. Angesoma nini?

Basi nimeagiza kubwa, ya pande zote. Klabu inapanda tena mwezi ujao. Bunsi ana pikipiki ya soseji, ile yenye jiko la pembeni, magurudumu matatu. Matatu ni karibu na manne. Leo alipokuwa sokoni nimeifungia mbele kasha la winchi, nililolinyofoa kabla gari halijaondoka, na bomba jipya juu, shada nimelining'iniza chini, mtu hujifunza. Nyuma, mbele na ubavuni nimebandika: PIKIPIKI HII NI GARI JEKUNDU.

Nimempigia Mama Lamduan aniandike kwenye msafara. Kauliza gari rangi gani. Nimemwambia. Amekata simu, nadhani mtandao.