Mfuko Upande wa Moyo

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha walimu, saa mbili asubuhi. Mkuu wa chuo kaja na tabasamu, nikajua kuna mtu ataumia. Kasema wanafunzi sasa watajifunza kwa simu huko huko nyumbani, kwenye jukwaa la masomo la chuo. Kozi mbili zinajaribiwa wiki hii: Ushonaji, yaani mimi, na Mabomba, yaani Fundi Bomba. Ijumaa wanafunzi walete kazi. Mwalimu ambaye kazi za wanafunzi wake zitakuwa mbovu atapelekwa stoo.

Stoo naijua. Nilikaa humo miaka minne kabla sijapewa darasa. Kuna harufu ya rangi na panya mmoja anayejiona mwenye nyumba. Humo huitwi mwalimu. Unaitwa "wewe wa funguo". Sirudi ng'o.

Wanafunzi wangu thelathini na wawili watashona mashati ya kiume. Walinzi wa chuo ndio watakaoyavaa. Fundi Bomba kaniuliza kama nishawahi kutengeneza video. Nikamwambia nimetengeneza nyingi. Nilikuwa nafikiria ile ya ubatizo wa mpwa wangu, ambayo ilionyesha miguu ya watu tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimerekodi somo chumbani. Sanamu la kuvalishia nguo mbele ya dirisha, simu nimeiegemeza kwenye birika. Nimetumia kamera ya mbele ili nijione. Mwalimu asiyejiona atajuaje kama anapendeza?

Nimerudia mara kumi na moja. Kila mara nasema vilevile, taratibu: mfuko unakaa kushoto, upande wa moyo, matundu ya vifungo kushoto, vifungo vyenyewe kulia, ukimaliza mshono piga pasi kabla hujaendelea. Mara ya kumi na moja mama mkwe akakohoa chumba cha pili. Ukuta wetu ni mwembamba, hata ukigeuka kitandani jirani anajua.

Mama mkwe yuko kwetu kwa ajili ya goti. Kajiandikisha kwenye kozi yangu kwa simu ya mke wangu, bila kuniuliza. Anataka kumshonea shati baba mkwe. Mkwe humkatazi kitu, unasema "sawa mama" na kuangalia chini.

Mke wangu kaitazama video. Kasema inaeleweka, nisiiguse tena. Nikamwambia hajui mambo haya.

Jumatano, 6 Machi

Nimechungulia somo la Fundi Bomba. Nimecheka mpaka nikakaa. Picha tatu! Bomba likiwa wazi, bomba likiwa na uzi wa kuziba, bomba likiwa limefungwa. Na sauti yake inaeleza kila picha kwa dakika moja. Basi. Hata muziki hana. Huyu anajichimbia kaburi kwa koleo lake.

Mimi sikulala usingizi wa mchana. Nimeweka maandishi yanayocheza. Nimeweka mkasi unaopita kutoka pembe hadi pembe. Nimeweka makofi kila baada ya mshono. Nimeweka uso wangu ndani ya duara, unatabasamu, chini kabisa pale sindano inapoingia. Muziki wa ngoma mwanzo hadi mwisho. Nikampa mke wangu atazame. Kaniuliza sindano iko wapi. Nikamwambia iko nyuma ya kidevu changu. Kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikuelewa, maana mkuu mwenyewe ndiye aliyetaka video.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Tangu asubuhi wanafunzi wananitumia ujumbe. Video inazunguka tu, haifunguki. Mmoja kasema kaiacha ifunguke, kaenda kisimani na kurudi, bado inazunguka. Nikampigia kijana wa ofisi ya kompyuta. Kasema faili ni zito mno, nipunguze vitu.

Nimekaa nikafikiri nipunguze nini. Mkasi? Hapana, mkasi ndio roho ya kazi. Ngoma? Watalala. Uso wangu? Tusitaniane. Mwisho nikaona kitu kimoja kisicho na rangi, kisichocheza, kisichoonekana kabisa: maelezo yangu. Nikayafuta yote. Sauti yangu ni nzito, kila mtu anasema hivyo, bila shaka ndiyo iliyokuwa inalemea faili.

Halikupungua sana. Nikalikatakata vipande tisa nikavipandisha kimoja kimoja kwa simu ya mke wangu, maana bando langu lilikwisha. Lake nalo likaisha. Kaniuliza mama yake atatazama somo kwa kitu gani. Nikasema mama ana goti, apumzike.

Jioni wanafunzi wakasema sasa inafunguka na ngoma ni tamu sana. Nakwenda kulala kifua mbele.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya kazi.

Wanafunzi wa Fundi Bomba wakafunga mabomba yao uani. Maji yakafunguliwa. Halikuvuja hata moja. Mkuu akapitisha kitambaa chini ya kila bomba, kikatoka kikavu.

Zamu yangu. Mashati thelathini na mawili mezani, mama mkwe alikuwa bado njiani na goti lake. Mlinzi wa getini akaitwa avae la kwanza. Akavaa. Akahangaika na vifungo kama mtu aliyevaa blauzi ya mkewe. Kisha akatoa kalamu sikioni, akaitia kifuani kushoto kama alivyozoea miaka yote. Kalamu ikaanguka sakafuni. Hakukuwa na mfuko. Mfuko ulikuwa kulia.

Likaletwa la pili. Kulia. La tatu, kulia. Yote. Na vifungo vyote upande wa kike. Mwanafunzi mmoja akasema, kwa adabu, kwamba wamefuata picha. Kijana wa kompyuta akaangalia video, akasema kamera ya mbele hugeuza mambo kama kioo, na kwa kuwa hakuna neno linalotamkwa, hakuna ambaye angejua. Fundi Bomba alikuwa anaangalia viatu vyake, mabega yanamcheza.

Maji yalinifika shingoni lakini sikupoteza akili. Nikamwambia Mkuu dawa ni rahisi: kila mwanafunzi anunue kioo, aipe mgongo simu, atazame somo ndani ya kioo. Mkuu akavua miwani. Akaita mtu wa stoo alete funguo.

Nilizisikia zikilia kwenye ukumbi. Nimeona aibu, na nimeogopa, siwezi kuficha.

Hapo ndipo mama mkwe akaingia, anachechemea, na shati begani. Mlinzi akalivaa. Vifungo sawa. Kalamu ikaingia kushoto ikakaa. Mshono umenyooka, umepigwa pasi. Mkuu akamuuliza yeye katazama somo gani. Mama mkwe akasema hakutazama chochote, simu haikuwa na bando. Alimsikia tu mkwewe Jumanne, upande wa pili wa ukuta, akieleza mara kumi na moja: mfuko upande wa moyo. Akasema mtoto huyu akisema unaelewa hata ukiwa umefumba macho.

"Mtoto huyu" ni mimi. Nikaangalia chini, machozi yakanilenga.

Mkuu akarudisha funguo. Kanipa wiki moja. Akasema nadhani umejionea mwenyewe ni kitu gani kinachofundisha. Nikasema ndiyo Mkuu, nimeona.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka mwepesi. Sasa kila kitu kiko wazi. Miaka yote hii kitu kilikuwa mbele yangu na sikukiona.

Ni ukuta.

Nimemwomba mama mkwe, kwa heshima zote, ahamie sebuleni. Nimeweka maikrofoni kitandani kwake na mimi nitasema nikiwa chumbani kwangu. Fundi wa matofali anakuja Jumatatu kuuongeza unene, maana ukuta mwembamba ukimfundisha mtu mmoja, mnene utafundisha thelathini na wawili. Mke wangu kaniuliza kama nitasikika. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ngoma nitaipandisha sauti.