Miwani ya Kuoshea Kidonda

Jumatatu, 2 Februari 2026

Leo kliniki, kuoshwa kidonda. Siku ya nne tangu karai la mafuta kunimwagikia mguuni. Nilikuwa napika visheti vya harusi ya mjukuu wangu Ummkulthum, basi hata kulaani siwezi. Muuguzi Munir, kijana mpole mwenye mikono ya chuma, alipobandua bendeji nikapiga ukelele. Mmoja tu. Mrefu.

Nje kwenye benchi kakaa nani? Bi Mwatum, jirani yangu wa Michenzani. Ana jipu shingoni na anaogopa kupasuliwa. Adhuhuri haijafika, jengo letu zima linajua. Kamwendea binti yangu Fathiya, mama wa biharusi, kamuuliza somo anayelizwa na bendeji atamfunda nini mtoto wa watu. Kasema yeye yupo, kama anahitajika.

Somo, kungwi wa biharusi, ni mimi. Nimefunda maharusi kumi na mmoja, na aliyerudi kwao ni mmoja tu, na yule ni kichwa chake mwenyewe. Fathiya kasema nikipiga kelele tena, au nikikimbia kuoshwa, kazi anapewa Mwatum. Mtoto niliyemzaa mimi. Na nilimzaa kimya.

Jumanne, 3 Februari

Munir kapiga simu. Shikamoo nyingi. Kasema ipo miwani, inavaliwa usoni kama kindoo, unaona chini ya bahari na masikioni unasikia maji. Akili ikishughulika huko, maumivu yanapungua. Nikamuuliza kama ina shetani. Kasema ina betri. Nikamwambia mimi si wa kuchezeshwa midoli, nikakata simu.

Kisha nikawaza. Nikiivaa kwa siri, pazia limefungwa, Mwatum aliye nje atasikia nini? Kimya. Nikampigia tena Munir, nikamwamrisha aiweke tayari. Nikapita kwa Mwatum kumwalika anisindikize Alhamisi. Hata hakuuliza kwa nini.

Alhamisi, 5 Februari

Munir kafunga pazia. Nikavaa. Subhanallah. Maji safi, matumbawe, changu wanapita mbele ya pua yangu. Mguuni nasikia kitu, lakini kama mguu wa mtu mwingine. Mambo yanakwenda.

Halafu nikamwona pweza. Yumo tunduni, kajikunja, si chini ya kilo tatu. Mimi mzaliwa wa Mkokotoni, nimechokoa pweza tangu meno ya mbele hayajaota. Pweza wa namna ile humwachi. Mkono wenyewe ukakamata bakora yangu ya kutembelea. Nikachokoa mara mbili, ikaingia penye laini.

Aliyepiga ukelele ni Munir. Mbavuni.

Mwatum kafungua pazia. Kanikuta na kindoo usoni, namhimiza Munir aikamate mikono yote minane.

Jumamosi, 7 Februari

Michenzani yote inasema nimerukwa na akili. Fathiya kanuna. Kasema hata kile kimya changu kilikuwa cha wizi. Ummkulthum kasema somo atamchagua mwenyewe, baada ya kidonda kuoshwa tena Jumatatu.

Jumatatu hiyohiyo Mwatum anapasuliwa jipu. Nimempelekea mkate wa ufuta, na habari: ukivaa ile miwani, madaktari wanakuona mpaka moyoni, kila siri, hata umri wako wa kweli. Kasema hatoivaa abadan. Vizuri. Atalia, na Fathiya nitakuwa nshamweka mlangoni.

Jumatatu, 9 Februari

Kila kitu kilikwenda nilivyopanga. Vitanda viwili, pazia katikati. Miwani moja, na mimi nshaivaa, kwa sababu Mwatum kaikataa mbele ya watu. Bakora Munir kaipeleka chumba kingine.

Daktari wa kike kamwonyesha Mwatum sindano tu, kilio kikaanza. Nikakisikia mpaka chini ya bahari. Nilitaka kufurahi. Lakini kile kilio kikageuka cha mtoto. Anamwita mama yake. Na mama yake namjua, mimi ndiye niliyemuosha siku alipokufa. Kikaniudhi. Nikavua miwani, nikavuta pazia, nikamvika kwa nguvu. Nikamwambia nilimdanganya, atazame samaki anyamaze.

Kanyamaza.

Zamu yangu ikafika na miwani sina. Sikusema ah. Nilisema mengine yote. Fathiya kasikia, foleni nzima imesikia, nadhani na Mkokotoni wamesikia. Nimerudi nyumbani. Usomo umekwenda.

Ijumaa, 13 Februari

Haukwenda. Ndoa imefungwa leo baada ya sala, na somo ni mimi. Fathiya alimweleza biharusi yote, na Ummkulthum kasema anamtaka bibi aliyevua miwani yake akamvisha hasimu wake. Kumbe Fathiya ana faida.

Mwatum kaja, shingo imepoa, kakaa ubavuni kwangu anakula halua. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakauliza ni nani aliyepiga zile kelele za Jumatatu, maana zimefika mpaka kwao. Nikawaambia ni huyu. Zote, mwanzo mpaka mwisho. Mwatum kabaki kutazama huku na huku, hajui akatae vipi. Masikio yake siku ile yalikuwa baharini.

Kisha nikaingia ndani kwa biharusi, nikafunga mlango, nikaanza kumfunda umuhimu wa kusema kweli.